Sensa na geji za presha ya oili kwa Hilux ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mshale wa geji ya oili ukianza kulala kwenye Hilux ya miaka ya 80 au 90, mwenye gari huambiwa moja kati ya mambo mawili: nunua sensa, au tufungue injini. La kwanza ni rahisi mno, la pili ni ghali mno, na mara nyingi yote mawili husemwa kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Hapa tunatathmini vitu vinavyouzwa madukani kwa ajili ya tatizo hili: sensa halisi ya Toyota, sensa zisizo na jina, sensa zilizotumika zinazokuja na mizigo ya Dubai na Sharjah, geji ya bomba ya kufunga ndani ya gari, na geji ya kupimia ya gereji. Magari tunayoyalenga ni LN106 na ndugu zake wenye injini za dizeli za 2L na 3L, pamoja na yale ya petroli ya 22R.

Hukumu yetu tuitoe mapema ili mwenye haraka aondoke nayo: kitu cha kwanza kugharimia ni kipimo, si sensa. Geji ya kupimia ikishasema presha halisi ni ngapi, nusu ya vitu vilivyobaki kwenye orodha hutavihitaji.

Namba za kushika kichwani

Kwa 2L na 3L zikiwa zimeshika moto, kiwango cha Toyota ni angalau 0.3 kg/cm² ikiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na kati ya 2.5 na 6.0 kg/cm² kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Kwa wanaosoma psi, hiyo ni 4.3 chini, na 36 hadi 85 juu. Kwa 22R kiwango cha chini ni kilekile, ila juu kinaishia 5.0 kg/cm², sawa na psi 71.

Itazame tena hiyo 0.3. Ni presha ndogo sana, na geji ya dashibodi haina namba, ina alama za chini na juu tu, kwa hiyo presha halali kabisa ya sailensa inaweza kuuweka mshale karibu na alama ya chini. Hilux iliyopanda mlima wa Kitonga na mzigo, ikafika juu na kusimama, mshale wake kuwa chini si ushahidi wa ugonjwa. Ukikanyaga mafuta ukauona unapanda polepole na kutulia katikati, oili inafika inakotakiwa. Fundi anayetaka kushusha injini kwa ushahidi wa mshale wa sailensa peke yake anatafuta kazi, hatafuti tatizo.

Kwa nini multimita humdanganya fundi

Sensa za Hilux hizi hazifanyi kazi kwa kubadilisha ohmu. Ndani ya ule mwili wa sensa ulio kama kikopo kuna kiwambo kinachosukumwa na oili, viguso viwili vya umeme, na kibamba cha metali mbili kilichozungushiwa waya wa kupasha joto. Oili ikisukuma kiwambo, viguso vinakutana na umeme unapita. Waya unapata moto, kibamba kinapinda, viguso vinaachana. Kikipoa vinakutana tena. Presha ikiwa kubwa, viguso hukaa pamoja muda mrefu zaidi, na wastani wa umeme unaofika kwenye geji unaongezeka. Geji yenyewe nayo ina kibamba cha namna hiyo kinachopinda kwa joto na kuusukuma mshale.

Kutokana na hapo, mambo matatu. Mosi, injini ikiwa imezimwa, viguso viko wazi, na multimita, yaani kile kipima umeme cha mkononi, ikipima kati ya ncha ya sensa na bodi haitaonyesha muunganiko wowote. Hiyo ndiyo hali ya sensa nzima! Sensa nyingi zimetupwa jalalani kwa sababu hiyo tu. Pili, mshale wa kweli hupanda na kushuka taratibu, kwa sekunde kadhaa. Mshale unaoruka ghafla au kutetemeka gari likipita kwenye matuta unalalamikia waya, si oili. Tatu, sensa za ohmu, kama zile za VDO za ohmu 10 hadi 180, ni nzuri sana pamoja na geji zake zenyewe, lakini ukiifunga moja kwenye geji ya asili ya Hilux mshale utakusomea upuuzi. Muuzaji akikuambia "hii inaingia gari zote", mjibu kwamba kuingia si kusoma.

Jaribio la bure kabla ya kufungua pochi

Kama geji ya mafuta na ya joto nazo zimekufa pamoja na ya oili, anza na fyuzi iliyoandikwa GAUGE, kisha plagi na nati za nyuma ya dashibodi. Ile karatasi ya plastiki yenye njia za shaba hushika kutu, hasa kwa magari ya Tanga, Mombasa na Unguja ambako chumvi haina huruma; kifutio cha penseli na kukaza nati ndogo kwa mkono mwepesi huponya nyingi.

Kama iliyokufa ni ya oili pekee, fuata waya mmoja unaokwenda kwenye sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Uchomoe na uwashe ufunguo bila kuwasha injini. Mshale unatakiwa ukae chini. Ukiwa juu huku waya umechomolewa, waya huo umechunika na kugusa bodi mahali fulani, na hakuna sensa itakayokusaidia. Sasa chukua balbu ndogo ya wati 3.4, iunganishe kati ya ncha ya waya na bloku. Balbu iwake na mshale upande kuelekea juu. Ukipanda, geji na waya ni vizima, na shaka inabaki kwa sensa au kwa presha yenyewe. Balbu isipowaka, njia ya umeme imekatika kati ya fyuzi na hapo ulipo: waya, plagi, au koili ya geji.

Msisitizo kwenye balbu. Mafundi wengi huushika waya moja kwa moja kwenye bodi. Kwa sekunde moja geji inaweza kuvumilia, lakini bila balbu ya kupunguza umeme, koili ya joto ndani ya geji huungua, na ukaingia na tatizo moja ukatoka na mawili.

Sensa nayo hupimwa kwa balbu hiyohiyo. Toa umeme wa chanya kwenye betri, pitisha kwenye balbu, peleka kwenye ncha ya sensa. Injini ikizimwa, balbu isiwake. Injini ikiwashwa, balbu iwake na kuzima, iwake na kuzima, na mwendo huo ubadilike ukikanyaga mafuta. Ikiwaka moja kwa moja bila kukatika, viguso vimegandana. Isipowaka kabisa, ama sensa imekufa ama oili haifiki, na hapo ndipo kipimo cha gereji kinapohitajika.

Geji ya kupimia: nunua hii kwanza

Seti inayouzwa kwa mafundi huwa na geji ya duara, mpira wa presha na viungio kadhaa vya thredi tofauti. Ubora wa geji yenyewe hautofautiani sana kwa kazi hii. Tofauti iko kwenye mambo mawili ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye kasha.

La kwanza ni thredi. Toyota hutumia thredi ya Kiingereza ya inchi 1/8 inayochongoka, BSPT, yenye meno 28 kwa inchi. Seti nyingi zimetengenezwa kwa kufuata Marekani, NPT, yenye meno 27 kwa inchi na pembe ya nyuzi 60 badala ya 55. Kwa macho zinafanana. Kwa mkono, ile ya NPT huingia mizunguko miwili au mitatu kisha hukaza, na hapo ndipo mtu huongeza nguvu ya spana akidhani ni uchafu. Bloku za injini hizi ni za chuma cha kusubu, kwa hiyo kiungio cha shaba ndicho huumia kwanza, lakini oili itavuja, na ukirudia mara nyingi hata bloku huanza kupoteza meno. Usinunue seti isiyotaja BSPT, R 1/8 au PT 1/8 kwenye kiungio chake kimojawapo.

La pili ni kipimo cha uso. Geji ya kuanzia 0 hadi 10 bar (bar moja ni karibu sawa na kg/cm² moja) ni nzuri kwa kusoma juu, lakini 0.3 yako ya sailensa inajificha kwenye upana wa mshale wenyewe. Ya 0 hadi 7 bar, au 0 hadi psi 100 yenye mistari ya kila psi 2, inakutosha zaidi. Ya 0 hadi psi 300, inayoingia kwenye seti za kupimia gia otomatiki, iache.

Kupima kwenyewe ni kazi ya muda mfupi. Injini iwe imefika joto la kawaida, kimo cha oili kimeangaliwa kwa kijiti, sensa imetolewa na geji imefungwa mahali pake. Soma sailensa, kisha panda hadi 3000. Dashibodi isiyo na geji ya mizunguko isikuzuie: panda taratibu hadi injini ichangamke vizuri, uangalie kama presha inavuka 2.5 na kutulia. Ikivuka, funga kila kitu na uende dukani kununua sensa. Isipovuka, usinunue sensa. Kuna shida ndani.

Shida hizo tuzipitie haraka, maana si bidhaa. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi na kijiti hunuka. Badilisha oili na filta, tafuta dizeli inaingilia wapi, kisha pima tena kabla ya kuhukumu injini. Vali ya kupunguza presha iliyoganda ikiwa wazi huangusha presha kwa kasi zote. Silikoni ya gasketi iliyopakwa kama siagi kwenye karai ya oili humeguka na kuziba chujio la pampu. Beringi za krenki zilizolika huonyesha presha nzuri injini ikiwa baridi na mbaya ikishika moto, mara nyingi pamoja na kugonga kwa sauti nzito ukikanyaga mafuta. Kwa hilo la mwisho, ndiyo, injini itafunguliwa. Na ukiongeza oili nzito ili mshale upande, umeutibu mshale tu.

Sensa halisi ya Toyota

Namba za sensa za geji kwa Toyota huanza na 83520, na za swichi ya taa ya onyo huanza na 83530. Tofauti hii ndiyo kosa la kwanza linalofanyika kaunta, iwe Gerezani ya Dar, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala. Swichi ni kitu kidogo kinachofunga njia ya umeme presha ikiwa haipo na kuifungua presha ikipanda. Sensa ni kikopo kikubwa kinachofanya kinyume. Ukifunga swichi kwenye gari lenye geji, mshale utakwenda juu injini ikiwa imezimwa na kuanguka chini ukiwasha. Ukiona mshale wa namna hiyo kwenye gari ulilonunua karibuni, mtu aliyekutangulia alipewa namba ya 83530. Tena geji hiyo inapokea umeme mfululizo kila ufunguo unapowashwa injini ikiwa haijawaka, kwa hiyo usiiache ikaungua.

Sensa halisi tunaipa alama za juu bila kusita. Heksagoni yake ya chini imechongwa sawasawa na spana inakaa, ncha ya waya haichezi, na mshale unarudi mahali ulipokuwa zamani gari likiwa jipya, jambo ambalo ni muhimu kwa dereva aliyezoea kuusoma kwa jicho moja. Ubaya wake ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya ile isiyo na jina, na kwamba maduka mengi huiagiza, hayaiweki. Peleka namba ya chesisi na ya injini; kusema "ya Hilux" tu ni kualika swichi.

Sensa zisizo na jina

Hizi ndizo zilizojaa kaunta. Si zote mbovu, na kusema hivyo kungekuwa uonevu. Kuna zinazosoma vizuri kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba mbili za kasha moja husoma tofauti: moja huuweka mshale katikati, ya pili robo chini, kwa presha ileile. Kwa mtu ambaye sababu ya kununua ni kutaka kujua ukweli, hiyo ni kasoro kubwa kuliko kufa mapema. Kasoro ya pili ni maungio kati ya kikopo na shina: baadhi huanza kutoa jasho la oili pale yalipokunjwa, jasho likawa tone, na tone likatiririka hadi kwenye plagi ya waya.

Kama lazima ununue, ijaribu kabla ya kulipa. Unahitaji betri ya volti 12, balbu ya wati 3.4, pampu ya tairi na kiungio cha thredi. Mwili wa sensa uguse hasi ya betri, na bila upepo balbu isiwake. Ukijaza upepo taratibu ianze kumeta, na ukiongeza imete tofauti. Ohmu hapa hazina kazi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo anakuwa amekujibu.

Zilizotumika

Sensa ya Toyota iliyotoka kwenye injini ya mtumba ni ya kubahatisha, lakini si upumbavu. Viguso vyake vimeshafunguka na kufunga mara zisizohesabika, na nyingine zimekaa na oili iliyoganda ndani. Kwa bei ndogo na kwa jaribio la pampu hapo juu, inaweza kuishinda mpya isiyo na jina kwa usahihi. Angalia kikopo hakijabonyea: alama ya koleo ubavuni ina maana ilitolewa kwa kushikwa mwili badala ya heksagoni, na kiwambo huenda kimeumia. Usilipie zaidi ya theluthi ya bei ya mpya halisi.

Geji ya bomba ndani ya gari

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa gari la kazi ambalo geji yake ya dashibodi imeungua, kwa sababu haitegemei umeme isipokuwa wa taa yake. Oili yenyewe inapanda kwenye bomba jembamba hadi kwenye geji na kusukuma mshale. Hakuna kibamba wala viguso, na unasoma namba, si alama.

Kasoro yake ni kwamba umeleta oili ya moto yenye presha mpaka magotini mwa dereva. Kwa hiyo bomba ndilo kila kitu. Seti nyingi huja na bomba la nailoni kwa sababu ni rahisi kulipitisha. Nailoni ikigusa ekzosti au ikisuguliwa na ukingo wa bati hutoboka, na injini itaendelea kumwaga oili hadi dereva ashtuke. Chagua seti yenye bomba la shaba, lizungushe mara mbili kama springi karibu na injini ili mtikisiko wa dizeli usilipasue kwenye kiungo, na weka kipande cha mpira kwenye tundu la bati linapopita. Seti isiyo na kipande hicho cha mpira ndani ya kasha inakuonyesha mtengenezaji alifikiria kiasi gani.

Na jambo ambalo watu husahau: geji hata iwe nzuri, dereva anatazama barabara. Nunua kiungio cha T cha thredi ileile, funga geji upande mmoja na swichi ya taa nyekundu upande mwingine. Taa humstua mtu, mshale haumstui. Kiungio hicho kifungwe kwenye bodi kwa bano, kisiachwe kuning'inia kwenye bloku na uzito wote huo, maana mtikisiko utakikata shingoni.

Kufunga

Toyota hupaka gundi ya thredi kwenye meno mawili au matatu ya mwanzo tu. Tepi nyeupe ya mafundi bomba hatuipendi hapa kwa sababu mbili: vipande vyake hukatika na kuingia kwenye njia ya oili, na ukizungusha nyingi sensa inapoteza muunganiko na bloku, wakati bloku ndiyo hasi yake. Kaza kwa karibu Nm 15, ambayo kwa mkono ni kukaza kwa heshima, si kwa hasira. Thredi inayochongoka huziba kwa kubanana, haihitaji kufika mwisho.

Baada ya hapo angalia waya wa hasi kati ya injini na bodi. Multimita kwenye volti, ncha moja kwenye bloku, nyingine kwenye hasi ya betri, mtu apige stata: ikizidi nusu volti, nyaya za hasi zimechoka, na geji yoyote uliyonunua itakuwa inasema uongo kwa nyakati tofauti. Nyaya hizo ni za bei ya chini kuliko kila kitu tulichokitathmini hapa.

Alama zetu kati ya 10: geji ya kupimia yenye kiungio cha BSPT, 9. Sensa halisi ya Toyota, 9 kwa kazi na 6 ukitia bei. Geji ya bomba la shaba pamoja na taa ya onyo, 8. Ile ya nailoni, 4. Sensa iliyotumika na kujaribiwa, 6. Isiyo na jina iliyojaribiwa, 5. Isiyojaribiwa haistahili alama.